"Jana zilikuwa siku kumi na moja": namna Wayahudi wanavyohesabu Omeri

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Yerusalemu nilipanga chumba kwa mzee mmoja mjane. Jioni moja, siku chache baada ya Pasaka kumalizika, tulikuwa tumekaa barazani. Jua lilikuwa limekwisha kuzama lakini mwanga haujaondoka. Nikamuuliza, "Mzee, leo tuko siku ya ngapi ya Omeri?" Akanitazama kidogo, akajibu, "Jana zilikuwa siku kumi na moja." Nilidhani hakunisikia vizuri, nikauliza tena. Akanipa jibu lile lile, neno kwa neno, kisha akainuka kwenda kusali.

Sasa ni miaka mingi nafundisha Kiebrania na maandiko ya marabi, na kila msimu huu ukifika huwaanzishia wanafunzi wangu kwa jibu la yule mzee. Ukilielewa kwa nini alinijibu ya jana nilipouliza ya leo, umeshaielewa sehemu kubwa ya sheria ya kuhesabu Omeri, yaani siku 49 kati ya Pasaka na Sikukuu ya Majuma.

Amri inatoka Mambo ya Walawi 23. Waisraeli walipoanza kuvuna shayiri walipaswa kuleta Hekaluni omeri ya mavuno ya kwanza, na tangu siku hiyo wahesabu majuma saba. Siku ya hamsini walileta mikate miwili ya ngano, na hiyo ndiyo Sikukuu ya Majuma, Shavuoti. Wakristo wanaifahamu kwa jina la Kigiriki, Pentekoste, maana yake ya hamsini. Neno "omeri" lina maana mbili, mganda na kipimo cha nafaka, sehemu ya kumi ya efa. Ndiyo maana msomaji wa Biblia ya Kiswahili hulikuta likiwa "pishi" kwenye habari ya mana katika Kutoka 16, halafu likageuka "mganda" huku kwenye Walawi. Kwa Kiebrania ni neno lile lile.

Ila neno ninalowaomba wanafunzi walishike kuliko yote ni "temimoti". Andiko linasema majuma hayo saba yawe temimoti: kamili, yasiyopunguka. Karibu kila kanuni utakayoisoma hapa chini ni juhudi ya watu kulitii neno hilo moja.

Tuanze na siku ya kuanzia, maana hapo ndipo palipozuka ugomvi mkubwa. Andiko linasema hesabu inaanza "siku ya pili baada ya Sabato". Sabato ipi? Mafarisayo, na baada yao marabi, walisema Sabato hapa ni siku ya kwanza ya Pasaka, kwa kuwa nayo ni siku ya kupumzika. Kwa hiyo hesabu inaanza usiku wa tarehe 16 Nisani, mwezi wa Pasaka katika kalenda ya Kiyahudi, siku yoyote ya wiki itakayoangukia. Waboethusi, kundi lililokuwa karibu na Masadukayo, walishikilia kuwa Sabato ni Jumamosi ya kawaida, basi hesabu ianze Jumapili daima. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, katika kitabu cha Menahoti, inamtaja mzee mmoja wa Kiboethusi aliyeeleza kwamba Musa aliwapenda Waisraeli, akaiweka sikukuu hiyo baada ya Sabato ili wapumzike siku mbili mfululizo. Rabani Yohanani ben Zakai alimjibu kwa ukali: kama Musa aliwapenda hivyo, kwa nini aliwaacha jangwani miaka arobaini?

Ugomvi huo uliacha alama hadi kwenye uvunaji. Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inasimulia kwamba wajumbe wa baraza walikwenda shambani siku moja kabla ya sikukuu, wakaifunga shayiri vitita ikiwa bado imesimama. Giza lilipoingia usiku wa tarehe 16, watu wa miji ya jirani walikusanyika, na mvunaji akauliza kwa sauti: "Jua limekuchwa?" Wakajibu: "Ndiyo!" Akauliza tena na tena, mara tatu. "Mundu huu?" Ndiyo, mara tatu. "Kikapu hiki?" Ndiyo, mara tatu. "Nivune?" "Vuna!" Mishna yenyewe inatoa sababu: ilikuwa kwa ajili ya Waboethusi, ili kila mtu aone hadharani kuwa huu ndio usiku wenyewe. Kila ninapokisoma kifungu hiki huwa naisikia sauti ya umati ule gizani.

Wakaraiti, Wayahudi wasiokubali mapokeo ya marabi, na Wasamaria wanahesabu kuanzia Jumapili hadi leo. Nao Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, walikuwa na njia ya tatu: kwao Sabato hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Pasaka, hivyo walianza tarehe 22 Nisani na kuifikia sikukuu yao tarehe 12 ya mwezi wa Sivani, siku sita baada ya wenzao.

Tukija kwenye saa, msomaji wa Kiswahili ana bahati. Kwa Wayahudi siku inaanza jua linapozama, na sisi tunaosema saa moja ya usiku baada ya magharibi hatuhitaji kufundishwa sana. Wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Omeri nayo ni hivyo: kila usiku ni mwanzo wa siku mpya, na hesabu inasemwa nyota zikishatoka. Kwa nini mwanzoni mwa usiku na si asubuhi? Kwa sababu ya temimoti. Ukianza kuhesabu asubuhi umeipoteza nusu ya siku, na majuma yako si kamili tena.

Kwa Wayahudi wa Nairobi hilo si shida, jua likizama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. London mwishoni mwa Mei ni habari nyingine, jua linazama baada ya saa tatu za usiku. Sinagogi nyingi huko husali sala ya jioni mapema, kungali kweupe, kisha kila mtu anabaki na deni la kuhesabu nyumbani giza likiingia. Hapo ndipo wengi husahau. Nusu saa kabla ya wakati wake, sheria inamtaka mtu asikae kula chakula kamili wala asianze kazi, isije ikamchukua.

Anayehesabu husimama, akabariki: "Umebarikiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako ukatuamuru kuhesabu Omeri." Kisha anataja hesabu. Usiku wa nane atasema: "Leo ni siku nane, ambazo ni juma moja na siku moja, katika Omeri." Tazama vizuri: hasemi "siku ya nane", anasema "siku nane". Kila usiku anataja jumla yote aliyokwisha kukusanya. Na anataja siku na majuma pia, maana Abaye, mmoja wa walimu wa Talmudi, alifundisha kwamba vyote viwili ni amri.

Lugha si kikwazo. Inaruhusiwa kuhesabu kwa lugha yoyote mtu anayoielewa, kwa hiyo hata kwa Kiswahili. Mwandishi wa Magen Avraham, kitabu cha ufafanuzi wa sheria cha karne ya 17, alikwenda mbali zaidi: aliyehesabu kwa Kiebrania bila kujua anachokisema hajahesabu kitu. Mimi naliona neno lake kuwa la haki kabisa. Kuhesabu ni kujua umefika wapi, na midomo peke yake haijui.

Sasa turudi barazani. Shulhan Aruhi, kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo kilichochapishwa Venice mwaka 1565, kinasema: ukiulizwa magharibi na mwenzako leo ni siku ngapi, mwambie jana zilikuwa ngapi. Ukimwambia "leo ni siku kumi na mbili", huenda umeshahesabu, kwa maneno yale yale ya amri, pasipo baraka. Na baraka haisemwi juu ya jambo lililokwisha kutendwa. Yule mzee alinipa kila nilichohitaji, kuongeza moja ningeweza mwenyewe, naye akabaki na hesabu yake nzima mfukoni. Angeweza pia kutaja namba tupu bila neno "leo". Watu makini hujihadhari hivyo hata siku ya 33, wasiseme "leo ni Lag Baomeri" kabla ya kuhesabu, kwa sababu "lag" ni herufi mbili za Kiebrania zenye thamani ya 30 na 3.

Je, aliyesahau? Hapa ndipo ninapopokea maswali mengi kuliko mahali pengine. Aliyesahau usiku akakumbuka mchana, ahesabu mchana bila baraka, na usiku unaofuata aendelee na baraka kama kawaida. Aliyepitiwa na usiku na mchana wote, aendelee kuhesabu siku zilizobaki, ila baraka imemponyoka hadi mwaka ujao.

Sababu yake ni nzuri sana. Kitabu cha kale cha Halahoti Gedoloti kinashikilia kuwa siku 49 ni amri moja: ikikatika, neno "kamili" limevunjika. Wafafanuzi wa Talmudi wanaoitwa Tosafoti walipinga, wakasema kila usiku ni amri yake. Sheria haikumwangusha yeyote. Kwa heshima ya wa kwanza, usibariki. Kwa heshima ya wa pili, usiache kuhesabu. Halafu anakuja mtu asiyekumbuka kama jana alihesabu au la. Huyu, alifundisha Rabi Israel Isserlein katika karne ya 15, anaendelea na baraka, kwa kuwa shaka zimekuwa mbili: pengine alihesabu, na hata kama hakuhesabu, pengine kila usiku unajitegemea. Nimemwona kiongozi wa sala aliyekosa siku moja akimwashiria mwenzake aje abariki badala yake, yeye akaitika "Amina" na kuhesabu. Hakuna aliyemcheka.

Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na shayiri haiji tena. Maimonides, ndiye Musa bin Maimun wa Kairo, alisema amri ya kuhesabu bado inatoka Torati yenyewe. Wengi wanasema leo ni ukumbusho uliowekwa na wahenga, na Talmudi inamtaja mwalimu Ameimar aliyehesabu siku tu akaacha majuma, akisema huu ni ukumbusho wa Hekalu. Wanawake hawalazimiki, kwa kuwa ni amri ya wakati maalumu, ingawa wengi wamejitwalia. Arusi na kunyoa nywele huachwa kwa sehemu ya siku hizi, kwa kuomboleza wanafunzi wa Rabi Akiva ambao Talmudi inasema walikufa kati ya Pasaka na Shavuoti. Hayo yanastahili siku yake.

Jioni ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Siku 49 zinamalizika, Shavuoti iko mlangoni, meza imetandikwa, watoto wanasinzia. Sikukuu nyingine unaweza kuipokea mapema, jua likiwa bado juu. Hii hapana. Watu wanasimama uani mwa sinagogi wakitazama angani, hawaanzi sala, kwa sababu siku ya arobaini na tisa imebakiza dakika chache, nazo ni zake.