Kutunga wimbo na mwenzako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Tanga bado utamsikia kijana akisema hataki mtu aguse wimbo wake. Linanisikitisha, maana mji huu ndio uliozaa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyotia gitaa na besi kwenye muziki huo, na ndani yake nyimbo zilipita mikono mingi.

Dhana: Mtunzi wa kweli hutunga peke yake.

Katika taarabu kazi hii imegawanywa tangu zamani. Mara nyingi mshairi huleta maneno, mwingine akayatia sauti, wapigaji wakatafuta pa kuingilia, na mwimbaji naye ana lake la kusema. Sauti ya marehemu Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, ilikomaa ndani ya vikundi hivyo.

Chukua mstari huu niliouandika kwa ajili ya makala haya:

Pepo za kusi zavuma, jahazi halijarudi.

Mizani ni nane kwa nane. Mshairi hana cha kulaumiwa. Sasa mpe mwimbaji. Akifika mwisho anataka kuvuta sauti, lakini "di" inambana, kwa kuwa irabu i hairuhusu mdomo kufunguka. Atakwambia, "Nitafutie neno linaloishia na a." Ukiandika "jahazi halijafika", mizani inabaki ileile, maana haipotei, na koo linapata nafasi. Kisha mpiga kinanda atakuonyesha kwamba pigo zito la muziki wake linaangukia "ja" ya jahazi, ilhali sote tunakaza "ha". Ama sauti isogezwe, ama neno libadilishwe. Ukiwa peke yako na daftari, hayo ni rahisi kukupita, maana macho huhesabu mizani lakini hayaimbi.

Dhana: Ukishirikiana na mtu, ladha yako inapotea.

Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma aliyefanya makazi yake Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa, alirekodi na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Zisikilize kazi zao: ilimba, kinanda cha Kigogo kinachopigwa kwa vidole gumba, na uimbaji wa Kigogo vimesimama palepale. Ladha hupotea pale mnapokubaliana kwa adabu tu. Mwenzako akisema "safi" kwa kila beti, hajakusaidia. Anayekuuliza "Hapa unamwambia nani?" ndiye wa kumshika, hata kama hajui kupiga chombo chochote. Nami naona aliyeleta wazo la wimbo aachiwe neno la mwisho, la sivyo mtabishana hadi wimbo uchoke.

Dhana: Lazima mkae chumba kimoja.

Si lazima. Huko Uingereza, tangu 1967 Bernie Taupin amekuwa akiandika maneno, kisha mwimbaji Elton John akayatilia muziki akiwa peke yake. Leo sauti iliyorekodiwa kwa simu Ngamiani, hapa Tanga, inafika Bagamoyo papo hapo.

Dhana: Ukimwonyesha mtu wimbo wako, umeshaibiwa.

Hofu hii siibezi, kwa sababu watu wamedhulumiwa kweli. Lakini dawa yake si kujificha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo tupu. Inalinda namna lilivyoelezwa. Kwa hiyo usiende kwa mwenzako na wazo la mdomoni tu, nenda na beti zilizoandikwa na sauti iliyorekodiwa. Kazi mliyoitunga pamoja ni yenu nyote, na ulinzi wake huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi wa mwisho kati yenu, kwa hiyo hata wajukuu wanahusika. Mgawo si lazima uwe nusu kwa nusu: aliyeandika maneno yote na aliyebadilisha mstari mmoja wanaweza kupatana vingine. Siku wimbo unapokamilika, kabla haujafika redioni, andikeni majina, tarehe na fungu la kila mmoja, mtie sahihi, kila mtu abaki na nakala, kisha muusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina yenu yote.