Kiti Kitupu Si Kazi ya Ukumbini

Tangu Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, kitengo chetu cha saikolojia hospitalini kimekuwa kikipokea malalamiko ya aina moja. Mtu kahudhuria semina ya ndoa, kongamano la vijana au kambi ya maombi, kawekewa kiti kitupu mbele ya hadhara, kaambiwa: "Mwambie baba yako yaliyo moyoni." Kalia mpaka kaishiwa nguvu, ukumbi ukapiga makofi, kipindi kikaisha. Wengine wamekuja kujiona TikTok kesho yake. Siamini kwamba walioendesha shughuli hizo walikuwa na nia mbaya. Ila walichukua kipande kimoja cha kazi wakaacha kilichobaki, na kilichobaki ndicho kinachomlinda mtu.

Mbinu yenyewe si ya jana. Jacob Levy Moreno, daktari wa Vienna aliyehamia Marekani mwaka 1925, aliitumia katika saikodrama, tiba ya kuigiza yanayomsumbua mtu. Fritz Perls akaieneza kwa tiba ya Gestalt, inayomrudisha mtu kwenye anachokihisi sasa hivi, huko California miaka ya 1960. Sisi tunafuata zaidi kazi ya Leslie Greenberg wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, ambaye yeye na wenzake walichunguza kwa makini kinachotokea mtu anapokiambia kiti yale aliyoyameza miaka mingi.

Nayataja haya kwa sababu bado naulizwa kama tunaita mizimu. Hatuiti mizimu. Hakuna ubani, hakuna anayepandisha, wala hakuna anayengoja jibu kutoka kaburini. Jibu linalotoka kwenye kiti cha pili linatoka kinywani mwa mteja mwenyewe, kwa sauti ya yule baba anayembeba rohoni tangu utotoni. Nimelieleza hili mara nyingi mno, na nitaendelea kulieleza.

Chukua mfano wa mwanamume wa makamo. Nimeutunga, si habari ya mteja yeyote. Babake alifariki wakiwa hawasemezani. Vikao vitatu amekuwa akimsimulia kama habari ya mtu wa mbali: "Yeye alimsomesha kaka, mimi akaniacha na mbuzi." Kikao cha nne, akifika kwenye neno "kaka", koo linamkaba. Hapo ndipo mtaalamu anapoomba ruhusa ya kuleta kiti. Mteja ndiye anayeamua kikae wapi: hatua mbili mbele yake, kule ukutani, hata nje ya mlango. Anaeleza mzee amevaa nini na amekaaje. Kisha "yeye" inageuka "wewe": "Baba, uliniona narudi na mbuzi, wenzangu wanatoka shule, ukanyamaza." Hasira ikishasema, mara nyingi chini yake kuna huzuni, na chini ya huzuni kuna haja: "Nilitaka uniulize, hata mara moja, kama napenda kusoma."

Haja hiyo ikishatamkwa, anaweza kuombwa ahamie kiti cha baba na kujibu. Yupo anayemsikia baba akisema, "Mwanangu, sikuwa na karo ya wawili." Yupo anayemkuta baba mgumu vilevile, naye akarudi kwenye kiti chake na kusema, "Basi, kosa halikuwa langu." Vyote viwili ni kazi iliyofanyika. Msamaha si sharti la tiba. Anayemsukuma mtu aliyepigwa au kunajisiwa amsamehe aliyemtenda, papo hapo mbele ya watu, anamwongezea jeraha. Na hatumlazimishi mtu kama huyo kukaa kwenye kiti cha aliyemdhulumu.

Viti viwili vya kujadiliana na nafsi, kimoja cha sauti inayokuambia "hufai kitu" na kingine cha anayeambiwa, ni zoezi jingine lenye taratibu zake. Na wala si lazima viwe viti. Kwa waliozoea mkeka tunatumia mito.

Si kila mtu afanyiwe, na si kila siku. Tunaahirisha kwa anayesikia wakati huo sauti ambazo wengine hawazisikii, aliye katika hatari ya kujidhuru, anayepotewa na pale alipo akikumbuka yaliyompata, au aliyezika juzi. Tunakuwa waangalifu zaidi kwa mwanamke anayeishi bado na mume anayempiga, kwa kuwa ukali alioupata chumbani mwetu unaweza kumponza usiku uleule. Mwendesha semina atayajuaje haya kwa mtu aliyekutana naye asubuhi hiyo?

Dakika kumi na tano za mwisho ni za kumrejesha mteja. Kiti kinaondolewa. Anataja anavyoviona chumbani, anakunywa maji, tunazungumza lililotokea, tunaulizana atarudi nyumbani vipi na nani yuko huko. Dakika hizo zikikosekana, kikao hakikuwa tiba.

Sasa video. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya yako ni data nyeti. Idhini lazima iwe ya wazi, ya hiari, na kwa kusudi maalumu. Mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba ilitolewa ni aliyerekodi, na unaweza kuiondoa. Kwa hiyo "aliyekuja semina amekubali kupigwa picha" si hoja, na naomba niache kuisikia. Lalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data kwa maandishi au kwa mdomo. Likitolewa kwa mdomo, ofisi ndiyo inayoliandika. Kifungu cha 56 kinataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala chini ya kifungu cha 63 yaweza kufika shilingi milioni 5 au, kwa shirika la biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kosa la jinai lisilowekewa adhabu yake maalumu huangukia kifungu cha 73: faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Hifadhi kiungo cha video na picha ya skrini kabla ya kuomba ifutwe. Wengi wanafuta kwanza, halafu wanatujia bila ushahidi.

Kuhusu anayekutibu, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka asajiliwe na bodi. Mwombe akuonyeshe leseni. Kuomba si utovu wa adabu, na mtaalamu wa kweli hatakasirika.

Na kama ulikalishwa mbele ya kiti ukumbini, na tangu siku hiyo hulali, unashtuka, au maneno uliyoyasema yanakurudia usiku, nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali iliyo karibu nawe. Hutalazimika kumtaja aliyeendesha semina. Ukitaka kiti kisiwemo chumbani siku hiyo, sema mlangoni, kitatolewa.