Charlton Hinman na nakala hamsini na tano za kitabu kimoja

Karibu kila mwaka mwanafunzi mmoja hunikabili baada ya kipindi na swali lilelile: "Mwalimu, Shakespeare kafa mwaka 1616. Watu wamemsoma miaka mia nne. Nyinyi mnaomtafiti bado mnatafuta nini?" Ni swali la haki, na anayeuliza anastahili jibu linaloshikika. Kwa hiyo namsimulia kazi ya maisha ya Mmarekani mmoja, Charlton Hinman.

Kwanza kitabu chenyewe. Mwaka 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kuzikwa, waigizaji wenzake wawili, John Heminge na Henry Condell, walikusanya tamthilia zake 36 katika juzuu moja kubwa. Lilichapwa London, katika kiwanda cha akina Jaggard. Sisi tunaliita Folio ya Kwanza. Kumi na nane kati ya tamthilia hizo hazikuwa zimewahi kuchapwa, na hati za mkono zilizotumika zimepotea zote. Bila Folio, Mwalimu Nyerere asingekuwa na Julius Caesar ya kufasiri alipotoa tafsiri yake ya kwanza mwaka 1963, na Samuel Mushi asingetupa Makbeth wala Tufani. Mabepari wa Venisi ingesalimika, maana ilikwisha kuchapwa peke yake mwaka 1600.

Sasa shida. Ukichukua nakala mbili za Folio ukazilinganisha neno kwa neno, hazifanani. Katika uchapaji wa siku hizo, mtambo haukusimama kusubiri marekebisho. Karatasi ya kwanza ilitolewa, msahihishaji akaanza kuisoma, na huku nyuma wenzake wanaendelea kuchapa. Akiona kosa, mtambo unasimamishwa kidogo, herufi, ambayo ni kipande kidogo cha madini, inang'olewa na kubadilishwa, kazi inaendelea. Karatasi zilizotangulia na makosa yake hazikutupwa. Karatasi ilikuwa ghali. Zilichanganywa na nyingine zikafungwa vitabuni, kila nakala na mchanganyiko wake. Kwa maneno mengine, kusema "Shakespeare aliandika hivi" kwa kutazama nakala moja ni kujiamini kupita kiasi. Mtu aliyewahi kushika miswada miwili ya utenzi mmoja, iliyonakiliwa na waandishi wawili, anaijua hofu ninayoisema.

Dawa yake ni kulinganisha nakala nyingi, ukurasa kwa ukurasa, na Folio ina kurasa zaidi ya 900. Kwa macho matupu, umri wa mtu hautoshi.

Hinman alizaliwa mwaka 1911. Shahada yake ya uzamivu aliichukua Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1941, akichunguza namna Othello ilivyochapwa. Vita vikamwita jeshini, na akatumikia jeshi la majini la Marekani katika kazi ya kufumbua maandishi ya siri, kwenye kikosi cha Fredson Bowers, bingwa mwingine wa vitabu vya kale. Naamini kazi ile haikuwa mbali na ile aliyoirudia baada ya vita: kukodolea macho alama zisizosema kitu mpaka mpangilio wake ujitokeze.

Alikwenda kwenye maktaba ya Folger mjini Washington. Tajiri wa mafuta Henry Folger alikuwa amenunua nakala 82 za Folio, na hakuna mahali pengine duniani zilipo nyingi hivyo pamoja. Hinman aliunda mashine. Ya majaribio aliiunganisha kwa mbao za sanduku la matufaha, makaratasi magumu, projekta za kuonyeshea filamu na vipande vya chuma vya mchezo wa mtoto. Ile iliyokamilika ilifanya kazi hivi: unaweka nakala mbili, moja kulia na moja kushoto, zimefunguliwa ukurasa uleule. Vioo vinazileta picha zote mbili mahali pamoja mbele ya macho yako, na taa zinawaka kwa zamu, hii ikizima ile inawaka. Palipo sawa panatulia. Palipo tofauti, hata koma moja, panarukaruka. Huhitaji kusoma tena, unasubiri tu jicho lishituliwe.

Kwa njia hiyo alilinganisha nakala 55, na matokeo yake yakatoka kwa juzuu mbili mwaka 1963, mwaka uleule wa tafsiri ya Nyerere.

Alichokipata ndicho kinachonifanya niipende kazi hii. Alitarajia tofauti za maneno, na alizipata nyingi, ingawa zilizo nyingi ni ndogondogo. Msahihishaji alijali zaidi herufi iliyopinda kuliko maana iliyopotea, na mara nyingi hakurudi hata kutazama hati asilia. Lakini katika kutazama kurasa zilezile maelfu ya mara, Hinman alianza kuzitambua herufi zenyewe. Herufi zile za madini ya risasi zilikuwa na makovu: hii imevunjika mkia, ile ina mkwaruzo tumboni. Alizifuatilia mamia, kama mfugaji anavyomjua kila ng'ombe kwa baka lake. Na hapo ndipo penye akili. Herufi moja haiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ikiwa imefungwa kwenye ukurasa mmoja, haitaonekana kwingine mpaka ukurasa ule uchapwe na herufi zirudishwe kwenye kasha. Ukizifuata, unajua ukurasa upi ulitangulia upi.

Ikabainika kwamba kurasa hazikupangwa kwa kufuatana. Kitabu kilikunjwa karatasi tatu tatu, kurasa kumi na mbili kila fungu, na wapanga herufi, yaani mafundi waliozipanga herufi kuwa maneno, walianzia katikati: ukurasa wa sita na wa saba, kisha wa tano na wa nane, hivyo hivyo wakienda nje. Kabla ya kuanza ilibidi mtu akadirie maneno mangapi yataingia kila ukurasa. Akikosea, mpanga herufi anabanwa. Maneno yakizidi, mashairi yanashindiliwa yakawa nathari. Yakipungua, sentensi ya nathari inakatwa mistari miwili ionekane shairi. Mistari ambayo wahakiki waliisifia kwa ufundi wa mapigo yake huenda ilizaliwa na nafasi iliyobaki chini ya ukurasa.

Na wapanga herufi wenyewe wakapata sura. Tangu mwaka 1920 ilikuwa imeonekana kwamba katika Macbeth mikono miwili inapishana: mmoja aliandika doe na goe, mwenzake do na go. Hinman aliwafikisha watano, akawaita A, B, C, D na E. Huyu E ndiye ninayemhurumia. Alikuwa mwanagenzi, yaelekea kijana John Leason, makosa yake mengi, na kazi yake ndiyo iliyosahihishwa kuliko ya wengine wote. Baadhi ya maneno tunayoyakariri katika tamthilia za misiba yalipitia vidole vya kijana aliyekuwa bado anajifunza kazi.

Wapo walioikosoa kazi hii, na walikuwa na hoja. Hinman alidhani zilichapwa nakala 1,200 hivi, ila mtafiti Peter Blayney baadaye aliishusha hesabu hiyo hadi 750 au pungufu. Wengine wamemgawa A kuwa zaidi ya mtu mmoja. Mtafiti mwingine, D. F. McKenzie, alionya mwaka 1969 kwamba viwanda vya uchapaji havikwenda kwa utaratibu ulionyooka kama tunavyoviwazia. Mbinu ya kufuata makovu ya herufi, hata hivyo, bado inatumika.

Mwaka 1968 Hinman alitoa picha kamili ya Folio, akichagua kila ukurasa kutoka nakala ambayo ukurasa huo ulitoka safi na umesahihishwa. Ninaifungua darasani. Nawaambia wanafunzi kwamba kitabu hiki hakuna msomaji yeyote wa 1623 aliyewahi kukishika, kwa sababu hakuna nakala moja iliyokuwa nzuri yote. Kisha nawaonyesha picha ya ukurasa wa Othello ambao Hinman aliugundua akiwa bado kijana: ni prufu, yaani karatasi ya kusahihishia, ina alama za kalamu za msahihishaji pembeni, herufi hii itoke, ile iingie. Ilipaswa kuishia sakafuni kiwandani. Mtu akaiokota, akaifunga kitabuni pamoja na nyingine, ikauzwa.