Ndege Ikipaa Tena Karibu na Ardhi: Dhana Potofu Kuhusu Kutua

Dhana: Ndege ikikaribia kutua kisha ikapaa tena, rubani amekosea.

Abiria wengi hushikwa na hofu hapo. Paa za nyumba zinaonekana, ghafla injini zinanguruma na pua inainuka. Wengine hushuka wakisimulia kwamba wameponea chupuchupu. Ukweli ni kwamba hatua hiyo hupangwa kabla ndege haijaanza kushuka: marubani hukubaliana mapema wataelekea wapi na watapanda hadi futi ngapi. Huenda ndege iliyotangulia bado haijaondoka kwenye njia ya kutua, au upepo umegeuka. Au vipimo havijakaa sawa.

Vipimo hivyo ndivyo roho ya kutua salama. Ndege inatakiwa iwe imenyooka na njia, mwendo wake uwe sahihi, ishuke kwa pembe ya takriban nyuzi 3, magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia ndege kwenda polepole bila kuanguka) ziwe tayari, na injini ziwe na nguvu ya kutosha. Mashirika mengi hutaka yote hayo yatimie ndege ikiwa futi 1,000 juu ya ardhi, au futi 500 hali ya hewa ikiwa safi. Kikikosekana kimoja, marubani wanapaswa kupaa. Rubani msaidizi naye ana haki ya kulitamka neno la kupaa tena, hata kama anayeshika usukani ni mkubwa wake. Mimi namheshimu sana anayelitamka mapema.

Dhana: Jua likiwaka na uwanja ukionekana, hakuna hatari.

Tarehe 6 Julai 2013 anga ya San Francisco ilikuwa safi. Boeing 777 ya Asiana, safari namba 214, ilikuwa na watu 307. Mtambo wa redio unaoongoza pembe ya kushuka ulikuwa umezimwa uwanjani, kwa hiyo marubani walitua kwa macho. Walipofika futi 500, ndege ilikuwa ikishuka chini haraka kupita kiasi na injini zikiwa kwenye nguvu ya chini kabisa. Hapo ndipo wangepaa. Walidhani mtambo wa kiotomatiki unalinda mwendo, kumbe haukuwa ukifanya hivyo. Taa nne za kando ya njia, ambazo huonyesha mbili nyeupe na mbili nyekundu ndege ikiwa kwenye pembe sahihi, ziligeuka nyekundu zote. Mwendo uliotakiwa ulikuwa takriban kilomita 254 kwa saa. Ulishuka hadi karibu 191. Walipoamua kupaa, injini za jeti zilihitaji sekunde kadhaa kupata nguvu, na sekunde hizo hazikuwepo. Mkia uligonga ukuta unaozuia bahari mwanzoni mwa njia. Watu 3 walifariki.

Dhana: Siku hizi kompyuta ndiyo inayotua.

Inaweza, hasa kwenye ukungu mzito, uwanja na ndege vikiwa na vifaa vinavyohitajika. Lakini mara nyingi ni mikono ya rubani.

Dhana: Rubani hodari hutua bila abiria kuhisi.

Njia ikiwa na maji, rubani mzuri huikita ndege kwa makusudi ili magurudumu yapenye maji, yashike lami na breki zifanye kazi mapema. Anayeelea akitafuta ulaini anakula urefu wa njia. Agosti 2, 2005, Airbus A340 ya Air France ilitua Toronto katikati ya dhoruba, ikagusa ardhi takriban futi 3,800 ndani ya njia ya futi 9,000. Haikusimama, ilitumbukia bondeni na kuteketea, ingawa watu wote 309 walitoka hai.