Seli shina: kwa nini wakati mwingine nasema tungoje

Wagonjwa wengi wa kupandikizwa seli shina, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu ndani ya uboho, hunijia wakidhani watapasuliwa. Hakuna kisu. Siku ya kupandikizwa, mfuko wa seli hutundikwa kama mfuko wa damu, na baada ya saa moja hivi umekwisha. "Daktari, ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo. Shughuli pevu imeshatangulia, yaani dawa kali za kuua uboho mgonjwa, na hatari nyingine zipo mbele. Seli zenyewe hujua njia: huogelea kwenye damu, huingia ndani ya mifupa, na kwa kawaida wiki mbili au tatu baadaye chembe nyeupe huanza kupanda.

Watu huchanganya upandikizaji wa aina mbili. Katika mieloma, saratani mojawapo ya uboho, mara nyingi tunavuna seli za mgonjwa mwenyewe, tunazigandisha, tunampa melfalani, dawa ya kuua saratani, kwa dozi kubwa, kisha tunamrudishia. Seli hizo haziui saratani. Zinaotesha upya uboho ulioangamizwa na dawa. Ugonjwa hutulia kwa muda mrefu zaidi, lakini kwa kawaida hurudi.

Seli za mtu mwingine ni habari tofauti kabisa, kwa kuwa zinakuja na kinga ya kuwinda saratani. Tuliliona hili wazi kwa wenye lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu: ugonjwa ukirudi baada ya kupandikizwa, kuna waliopewa limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) za mchangiaji peke yake na lukemia ikatoweka. Tatizo ni kwamba kinga hiyohiyo inaweza kugeukia ngozi, utumbo na ini la aliyeipokea, na wengine huishi na shida hiyo miaka.

Ndiyo maana sina haraka. Zamani kijana mwenye lukemia hiyo tulimtafutia mchangiaji mapema. Mwaka 2001 imatinibu, dawa ya vidonge ya lukemia hiyo, ikaidhinishwa, na leo wengi wanaishi kwa vidonge. Upandikizaji tunawawekea ambao dawa zimewashinda au ugonjwa umegeuka kuwa mkali.

Mielofibrosisi, ugonjwa wa uboho kujaa makovu, ndiyo inayoninyima usingizi. Dawa iitwayo ruksolitinibu hupunguza wengu uliovimba, jasho la usiku hukoma, mtu hurudi kazini. Lakini haimponyi, kinachoweza kumponya ni seli za mtu mwingine, na zinaweza kumuua. Utamwambiaje hivyo mtu aliyepanda ngazi kwa miguu kuja kukuona?

Mimi huanza kwa kupima ndugu zake, hata kabla hatujaamua lolote. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kikamilifu kwa aina ya tishu, na siku hizi hata anayelingana nusu anaweza kufaa. Kisha nafuatilia damu. Seli changa zikiongezeka, au akianza kutegemea kuongezewa damu, huwa siulizi tena kama anajisikia vizuri; wakati wa kupandikiza umefika. Wengu ukiachwa ukawa mkubwa mno, seli mpya huchelewa kuota.