Kiwanja cha Kanisa Kiandikwe Jina la Nani?

Makanisa mengi madogo ya Nyanda za Juu Kusini yana historia moja. Familia tatu nne za Uyole, Mbalizi au Makambako husali jioni sebuleni kwa mmoja wao. Sebule ikijaa, ibada huhamia uani chini ya turubai. Kwa mvua za Tukuyu turubai halifiki mbali, kwa hiyo habari za kiwanja huanza mapema. Wasio na fedha taslimu huleta mazao, na baada ya ibada hupigwa mnada: mkungu wa ndizi, debe la viazi, jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo huyo aweza kuuzwa mara tatu asubuhi hiyohiyo, maana kila anayemnunua humrudisha tena madhabahuni. Ndivyo kiwanja kinavyolipiwa.

Sasa tuitazame karatasi ya mauziano. Imeandikwa kwa kalamu, ina mashahidi wa pande zote mbili na muhuri wa serikali ya mtaa chini yake. Mahali pa mnunuzi pana jina la mchungaji, basi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kanisa lilikuwa halijasajiliwa, muuzaji alitaka mtu anayemfahamu, na mchungaji ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Lakini mbele ya sheria, kwa mujibu wa karatasi ile, kiwanja ni cha mtu binafsi. Akifariki, jina lake ndilo litakalotazamwa wakati wa kuorodhesha mali za marehemu, na waumini waliobeba matofali kichwani watalazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba fedha ilikuwa yao. Katika kazi yetu ya ushauri wa sheria, hii ndiyo migogoro inayoumiza kuliko yote, kwa sababu wajane na watoto wanaodai nao si wezi. Wanachokiona ni jina la baba yao.

Jambo hili lina historia ndefu mkoani kwetu Mbeya kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku mwaka 1916, walikamatwa na kuondolewa, na sharika zikaendelea mikononi mwa wenyeji, huku wamisionari wa Kiskoti waliokuwa Livingstonia, Nyasa (Malawi ya leo), wakisaidia uangalizi. Majengo na mashamba je? Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 438, ulielekeza mali za misheni za Kijerumani zikabidhiwe bodi za wadhamini, yaani watu wanaoshika mali kwa niaba ya wengine, wenye imani ileile, ili ziendelee kutumika kwa kazi ya misheni. Hazikugawanywa kama nyara. Waanzilishi waliondoka, na wazo lililozilinda mali ni hili la udhamini tunalolitumia hadi leo.

Kwa sheria zetu, hatua ziko mbili, na watu wengi huishia ya kwanza. Usajili wa kanisa lenyewe hufanywa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Usajili huo unahitaji kundi la watu wasiopungua 10, katiba, na muhtasari wa kikao cha kuanzisha. Hatua ya pili ni kusajili bodi ya wadhamini kupitia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Bodi ikishapata cheti huwa mtu wa kisheria: ina lakiri (muhuri rasmi) yake, inaweza kushtaki na kushtakiwa, inaweza kumiliki ardhi, na haifi wadhamini wanapokufa. Cheti cha Msajili kimetundikwa ukutani makanisa mengi. Cha wadhamini ndicho huwa hakipo.

Katiba isiandikwe kwa kunakili. Zipo katiba ambazo ukifika katikati unakuta jina la kanisa jingine la Dar es Salaam halijafutwa. Kifungu cha kukaa nacho muda mrefu ni cha wadhamini: nani anawateua, kwa miaka mingapi, nani anawaondoa, na kanisa likivunjika mali ziende wapi. Mwanzilishi akiwa mwenyekiti wa maisha, mkewe katibu na mwanawe mhazini, bodi ya namna hiyo itapita kwenye makaratasi lakini haitamlinda muumini hata mmoja. Wadhamini wanapobadilika, taarifa ipelekwe RITA. Bodi ambayo wajumbe wake wote ni marehemu ni shida nyingine kabisa.

Kuna njia ya mkato iliyo halali: kikundi kujiunga na dhehebu ambalo tayari lina wadhamini, na kiwanja kuandikwa kwa jina la wadhamini hao. Ni rahisi na ni salama. Ila waumini waelewe mapema kwamba siku wakitofautiana na uongozi wakaamua kujitenga, jengo hubaki na dhehebu, hata kama kila bati lilinunuliwa na wao.

Ambao bado hawajasajiliwa na kiwanja kizuri kimepatikana wasiache nafasi ikapita. Mahali pa mnunuzi paandikwe majina ya watu watatu au wanne, na maneno haya yafuate: "kwa niaba ya waumini wa kanisa, kwa fedha za waumini". Muhtasari wa kikao kilichoamua ununuzi utunzwe pamoja na daftari la sadaka ya ujenzi.

Na ambao kiwanja chao tayari kiko kwa jina la mchungaji, kazi ifanyike angali hai na mwenye afya. Aitwe kwenye kikao pamoja na mkewe, maana ridhaa ya mke huwa hoja kubwa baadaye, na wote wawili wasaini. Kwa ardhi ya kijiji, uhamisho upitie Halmashauri ya Kijiji kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka; kwa mjini, ofisi ya ardhi ya halmashauri.