Punje: jinsi unga unavyopewa umbo

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikianguka kwenye barabara ya vumbi hapa Tororo, matone ya mwanzo hayalowanishi ardhi. Kila tone hubiringika, likajivika vumbi, likawa kidonge kidogo unachoweza kukiokota kwa vidole viwili. Kidonge hicho ndicho kiini cha kazi ambayo viwandani huitwa granulesheni: kugeuza unga laini kuwa punje.

Kwa nini watu wahangaike, ikiwa kilichomo ndani ni kile kile? Mara ya kwanza nilipomwaga shambani chokaa ya unga, ile ya kupunguza tindikali ya udongo, upepo uliichukua ukaipeleka kwa jirani, na iliyosalia ikanijaa machoni. Unga hupeperuka, hushikamana na kuta za mashine, huingia mapafuni, na ukipata unyevu gunia zima huwa jiwe. Punje hutiririka kama mahindi. Unaweza kuipima kwa kizibo cha soda na kuiweka shimoni pale pale unapotaka mche ule.

Kinachoshikanisha unga kwanza ni maji, na maji yenyewe ni kidogo sana. Kati ya chembe mbili zilizokaribiana, utando wa maji hutengeneza kama daraja na kuzivuta pamoja. Yakipungua, unga unabaki unga. Yakizidi, unapata uji. Shida ni kwamba daraja la maji hukauka likavunjika, kwa hiyo huongezwa gundi: molasi inayobaki viwanda vya sukari vikishakamua miwa, udongo wa bentonaiti, au wanga wa muhogo. Wanaotengeneza makaa ya vumbi la mkaa Kampala wanalijua jambo hili vizuri, maana uji wa muhogo ndio unaowashikia kazi yao. Baadhi ya mbolea hazihitaji hata gundi. Chumvi zake huyeyuka kidogo kwenye maji hayo, kisha zikikauka huganda upya na kuzifunga chembe.

Mashine inayopendeza zaidi kuitazama ni sinia kubwa la chuma lililoinamishwa, linalozunguka huku unga ukimiminwa na maji yakinyunyizwa juu yake. Mtu aliyewahi kupepeta mchele kwa ungo ataielewa mara moja, kwa sababu mtikisiko hutenga vikubwa na vidogo. Unga na vipunje vichanga hubaki chini wakiendelea kujivika tabaka juu ya tabaka. Punje zilizokomaa hupanda juu na kumwagika ukingoni. Kisha hukaushwa na kuchekechwa. Za mbolea nyingi hutakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 2 hadi 4. Ndogo mno hurudishwa kwenye sinia, kubwa mno husagwa na kurudishwa pia, na katika viwanda vingi vya mbolea kinachorudishwa huzidi kinachotoka.

Peleti ni ndugu wa punje, ila yeye hazaliwi kwa kubiringishwa. Unga wenye unyevu husukumwa kwa nguvu kupitia matundu ya bamba la chuma, ukatoka kama vijiti vifupi, jinsi chakula cha samaki na cha sungura kinavyotengenezwa. Samadi ya kuku iliyokaushwa hufaa sana njia hii. Neno hilo hilo hutumika kwenye madini ya chuma, lakini huko peleti ni vidonge vya mviringo vinavyobiringishwa kwanza, kisha huchomwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,200 ili vistahimili uzito wa tanuru. Urea nayo mara nyingi huyeyushwa na kudondoshwa kutoka juu ya mnara. Tone huganda likiwa bado hewani.

Ulingano wa punje ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Mbolea ya kuchanganya yenye punje za ukubwa tofauti ikisafirishwa kwa lori kutoka Mombasa hadi Malaba, ndogo huzama chini njiani. Anayechota juu na anayechota chini wanapata virutubisho tofauti.

Sasa jambo ambalo hasa lilinifanya niandike. Punje nzuri si ushahidi wa mbolea nzuri. Umbo haliongezi kirutubisho hata kimoja, na mara nyingine hukizuia. Chukua fosfeti, yaani madini yenye kirutubisho cha fosforasi, ya vilima vya Sukulu, hapa hapa karibu na mji wetu. Ni mwamba wa asili ya volkano, mgumu kuyeyuka udongoni. Ikiwa itatumika mbichi, bila kutiwa asidi, inapaswa kusagwa laini sana ili kila chembe iguse udongo wenye tindikali. Ukiibana kuwa punje kubwa ngumu, umeificha mbali na udongo. Chokaa iko hivyo hivyo: punje yake ina faida tu ikiwa itasambaratika na kurudi unga mara ipatapo maji.

Kwa hiyo kabla ya kununua chokaa ya punje, tia chache kwenye glasi ya maji na usubiri dakika kadhaa. Zikimomonyoka zenyewe, zitafanya kazi. Zikibaki kama kokoto, hata mvua ya masika itachelewa nazo. Usitumie kipimo hiki kwa mbolea iliyofunikwa utando makusudi ili itoke polepole. Hiyo ilitengenezwa isimomonyoke haraka.